Kuvua kwa flai Uganda: ulipie mwongozaji, uchukue mvuvi wa kijijini, ama uende mwenyewe?

Shemeji yangu yuko Nyeri, kazi ndo ilimpeleka huko akaambukizwa ule ugonjwa wa kuvua trauti kwa flai, sasa kila wikendi yuko mtoni na kafimbo kake anarusha manyoya yaliyofungwa kwenye ndoana eti samaki adhani ni mdudu. Juzi kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, anataka kuja huku Uganda ajaribu sangara, na mwisho wa maneno yote yale swali ni moja tu, "Shemeji, tutafute mtu wa kutuongoza ama tuende sisi wawili, si wewe uko Jinja miaka yote hiyo?" Nikaanza kumjibu kwa sauti nikaona nami nafika dakika nne sijatoka hata Jinja, basi naandika hapa, na mwingine mwenye swali hilohilo asome.

Neno lenyewe kwanza. Mtu wa kukuongoza wengi wetu huku tunamwita tu kwa Kiingereza, guide, sasa jaribu kumwandikia mtu wa pwani kwamba "nimepata gaidi wa kunipeleka mtoni usiku", ataita polisi. Nitasema mwongozaji yaishe.

Watu wanauliza kama mambo ni mawili, na mtu ama bila mtu. Kwa hapa Uganda ni matatu. Kuna mwongozaji kamili, yule wa kampuni mwenye boti ya injini, jaketi za kuokolea, vibali kashughulikia, na bei yake anakutajia kwa dola. Kuna mvuvi wa kijijini, mzee mwenye mtumbwi wake na kasia mbili, mnapatana bei pale ukingoni. Halafu kuna wewe na begi lako na boda iliyokushusha. Na kabla hujauliza yupi ni bora uliza unaenda maji gani, maana hapo ndo jibu linabadilika kabisa, mi mwenyewe mahali pengine siendi bila mwongozaji hata nikipewa bure na pengine naona kumlipa ni kutupa hela.

Murchison kwanza, kule kwenye maporomoko ya Nile, huko sina maelezo marefu: lipa. Tena lipia mwenye boti.

Kwa nini watu wanaipenda hivyo Murchison? Mto Nile mzima unajibana pale kwenye mwanya wa mita kama 7 hivi halafu unadondoka mita 43, na yale maporomoko ndo yalikua ukuta wa samaki tangu enzi. Sangara, yaani mputa kama tunavyomuita huku, asili yake ni chini ya maporomoko, Nile ya huko na Ziwa Albert, hakuweza kupanda juu. Hawa wa Ziwa Victoria na Kyoga wamepandikizwa na watu miaka ya 1950 na 1960, ndo wakageuza ziwa lote na kula wenyeji wao, hiyo ni hadithi nyingine. Ngassa, yule samaki wa meno kama msumeno ambaye wazungu wanamuita tigerfish, naye ni wa chini tu, Jinja hutampata hata ukeshe. Kwa hiyo ukitaka sangara wa kwao mwenyewe, mkubwa, kwenye maji yenye nguvu, ni Murchison. Rekodi ya dunia ya sangara kwa rodi ni kilo 104, alivuliwa Ziwa Nasser kule Misri mwaka 2000, mto huohuo mmoja, na pale Murchison mtu anayevua anaendaga na hiyo namba kichwani hata kama hasemi.

Sasa sangara anataka maji yenye hewa nyingi, ndo maana anajibanza karibu na maporomoko, lakini si katikati ya mkondo, yeye si mjinga wa kupoteza nguvu. Anakaa pale pembeni ambapo maji yanajizungusha, mpaka kati ya maji yanayokimbia na maji yaliyotulia, anangoja kasamaki kadogo kalikochoka kaletwe. Na wewe flai yako inabidi ipite hapohapo kwenye mpaka, ishuke chini, itembee taratibu. Ukiwa ukingoni hufiki. Na ukingo wenyewe haushukiki ovyo, ile ni mbuga ya wanyama tangu 1952, kutembea kwa miguu ni na askari wa UWA, mamlaka ya wanyamapori, mwenye bunduki, na ana sababu, mamba wa pale ni wengi mno na wamenenepa, na kiboko jioni anapanda kula nyasi akirudi akikukuta umesimama kati yake na maji hakuulizi kibali. Kibali chenyewe cha kuvua ni tofauti na hela ya getini, watu wengi wanafika na hela ya kiingilio tu wanashangaa, na bei zinatofautiana kama we ni raia wa Afrika Mashariki, mgeni mkaaji, ama mgeni kabisa, kwa hiyo shemeji beba kitambulisho usije ukalipishwa kama Mdachi.

Kwa hiyo pale hela ya mwongozaji, ambayo kweli ni kubwa, boti ya siku nzima inaenda mamia ya dola, hulipii akili yake ya samaki peke yake. Unalipia mtu anayejua kushika boti isimame palepale kwenye mkondo bila kuyumba huku wewe unarusha, na anayejua kile kiboko cha pale kwenye matete kina mtoto na leo hatupiti hapo. Mkiwa wanne mkagawana hela inavumilika.

Lakini sasa hapa ndo kuna shimo ambalo mimi niliingia. Mwongozaji wa uvuvi si lazima awe mwongozaji wa flai. Mwaka mmoja tulichanga wenzangu watatu, tukatuma nusu ya hela kwa simu, tukaambiwa mtakua na mtaalamu. Tunafika kweli mtaalamu yupo, kijana mzuri, mchangamfu, boti safi, sasa nikatoa rodi yangu ya flai akaniangalia kama nimetoa mwavuli. Yeye kazi yake ni kuburuta chambo bandia kikubwa cha plastiki nyuma ya boti, ama kutega kwa chambo cha samaki mdogo aliye hai. Na kwa kazi hiyo ni hodari, nisimseme vibaya. Ila alikua anaweka boti mahali pa kuburutia, upepo unanijia usoni, na yeye amesimama nyuma kabisa palepale mshipi wangu unapotakiwa kupita ukirudi. Mara ya tatu ndoana ikachukua kofia yake ikaenda nayo mtoni. Tulicheka, baadae hatukucheka, maana asubuhi yote, saa zile sangara anakula kweli, iliisha tukifundishana. Mwenzetu mmoja akachoka akaacha flai akachukua rodi yao ya kuburuta, akapata wa kilo 20 na kitu saa tano asubuhi, mimi hadi tunarudi sina kitu isipokua mikono yenye malengelenge.

Kwa hiyo kabla ya kutuma hela usiulize "mnafanya flai?" maana hapa kwetu hakuna atakayekujibu hapana, utaambiwa ssebo, yaani bwana, karibu sana. Uliza maswali ambayo mtu hawezi kubahatisha. Muulize nilete rodi namba ngapi, yaani ya nguvu kiasi gani, akikwambia 10 mpaka 12 na mshipi wa kuzama haraka, huyo ameshaona sangara kwenye flai. Muulize kwa ngassa nafunga nini mwishoni, akisema waya unaongea na mtu, akisema mshipi mnene utatosha huyo hajakatwa bado. Muulize boti inasimama vipi wakati wa kurusha, na wanaorusha ni wangapi kwa wakati mmoja, jibu sahihi ni mmoja ama wawili mmoja mbele mmoja nyuma, akikwambia wote wanne pamoja, banange, vaeni helmeti. Muulize pia miezi. Maji yakiwa ya udongo flai haionekani, kule wanapendelea kiangazi, mwisho wa Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti, mtu anayekuuzia Aprili kama ni sawa na Januari anauza boti tu.

Vifaa usitegemee vyao kabisa. Rodi za kuburuta watakua nazo, flai beba ya kwako yote, mshipi, rili, na flai zenyewe za kutosha kupoteza, za kuiga samaki wadogo, ndoana namba 4/0 hivi. Mimi duka la Kampala lenye mshipi wa flai sijalikuta, nyavu na ndoana za kawaida zimejaa tele ila hiyo hapana, vyangu vyote vililetwa na watu wanaosafiri.

Haya, turudi nyumbani Jinja, na hapa sikubaliani na watu wengi.

Ukiingia kutafuta utaambiwa Jinja nako chukua kampuni. Mi nasema Jinja mtu wako ni mzee wa mtumbwi. Samaki wa hapa kwa flai si sangara sana, wapo lakini kuwatoa ni bahati, samaki wa hapa ni kisinja. Huyu ni jamii ya kuyu, mwili mrefu wa dhahabu, mdomo wenye vindevu, anakaa penye maji ya kasi na mawe, na akishika flai ndogo kwenye rodi namba 7 ama 8 utamwita mama yako. Zamani kabla ya bwawa la Owen Falls, ambalo siku hizi ni Nalubaale, kukamilika mwaka 1954, wazungu walikua wanamvua pale kwenye maporomoko ya Ripon, mto unapotoka ziwani, sasa yale maporomoko yamezama. Halafu Bujagali nayo ikazama bwawa lilipokuja 2012, halafu bwawa la Isimba 2019 likapandisha maji huko chini. Yaani ramani ya mawe ya mto huu imechorwa upya mara kadhaa ndani ya maisha ya mtu mmoja, sasa kitabu gani kitakwambia kisinja amehamia wapi? Mzee anayetega kila asubuhi ndo anajua. Kampuni nyingi za hapa mtaji wao ni kuteremsha watu kwenye maji ya kasi na maboti ya mpira, ukitaka uvuvi nao wanaenda kumtafuta huyohuyo mzee, wanakutoza mara nne.

Wangu mimi nililipa shilingi 80,000 kwa nusu siku, mara ya kwanza, baadae tukazoeana ikashuka na juu yake namwachia samaki akitaka na sukari ya nyumbani. Anachojua huyu mzee sijaona mtu wa dola mia tatu anakijua. Anajua jiwe gani chini ya maji lina kivuli saa moja asubuhi, anajua mvua iliyonyesha jana itachafua mkono gani wa mto. Flai alikua hajui. Siku ya kwanza aliichukua ile manyoya akainusa akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwana, hii samaki anakula nini hapa?" Nikamwambia hakuna cha kula mzee, ni kumdanganya. Akanyamaza, akapiga kasia. Nilipotoa kisinja wa kwanza alicheka mpaka mtumbwi ukayumba. Sasa hivi yeye ndo ananiambia nirushe kushoto. Ilichukua kama safari tatu, kwa hiyo usimlaumu mvuvi wa kijijini siku ya kwanza, mfundishe mambo mawili tu nchi kavu kabla ya kupanda: akae chini nikiwa narusha, na asipige kasia maji juu ya mshipi.

Upungufu wake nao niseme, maana ni mkubwa. Jaketi ya kuokolea hana, na kama anayo imepasuka na ameikalia. Nunua yako na ya ziada moja. Hana bima, hana redio, simu yake haina chaji. Mtumbwi una tundu lililozibwa na kipande cha kandambili. Ukipata shida katikati ya mto msaada ni sauti yako. Kwa hiyo mi nae siendi karibu na maji ya kasi makubwa, tunakaa mikono ya pembeni tu, na akisema leo hapana sibishani.

Halafu lugha, na hili shemeji unisikilize sana, kwa sababu we utakuja na Kiswahili chako cha Mombasa safi. Huku Kiluganda mamba ni yule samaki mrefu wa matopeni mnayemwita kamongo. Mamba wa kwenu, mwenye meno, anaitwa ggoonya. Kiboko ni envubu. Sasa mgeni mmoja wa Tanga nilikua nae, mzee akasema kwa furaha kabisa hapa kuna mamba wengi, jamaa alikaribia kuruka nje ya mtumbwi, tukacheka. Lakini fikiria kinyume chake. Mzee anapiga kelele ggoonya ggoonya na wewe umetabasamu unangoja ndizi za kuchoma maana umesikia gonja. Jifunze hayo maneno matatu hata kama hujui kusalimia.

Na kwenda peke yako Jinja? Inawezekana, kuna kingo ambazo ni mashamba ya watu, unaomba ruhusa unaachia kitu kidogo unavua. Mimi nimefanya sana na bado nafanya. Ila nikueleze siku iliyonifundisha. Nilikua chini ya bwawa moja, lipi liache, nimesimama kwenye bamba la jiwe kavu kama sebule, begi nimeweka nyuma yangu, kisinja wanaruka mbele. Mvua hakuna, mawingu hakuna. Ghafla naona viatu vimelowa. Nikadhani nimeteleza. Nageuka nyuma naona lile jiwe nililoweka begi limekua kisiwa, na kati yangu na ukingo kuna maji ya magoti yanakimbia, dakika chache tu kabla hayakua hapo. Mabwawa yanafungulia maji kwa mahitaji ya umeme, sio kwa mahitaji yako. Nilivuka nikiwa nimelala nusu, nikashika mizizi, rodi nilitoka nayo lakini begi lilienda na sanduku la flai za miaka miwili na simu ya kazini. Mama mmoja aliyekua anafua juu kule akaniambia sisi hapo hatukanyagagi baada ya saa nne. Kila mtu kijiji kizima alikua anajua. Mzee wa mtumbwi wa 80,000 angeniambia kabla sijavua viatu.

Hapo ndo msimamo wangu ulipokaa. Kurusha flai unaweza kujifunza kwenye nyasi nyuma ya nyumba, na tabia ya samaki unaweza kusoma. Tabia ya maji ya mahali fulani huwezi kusoma popote, na kwa Uganda ndo kitu ambacho mwongozaji, wa dola ama wa sukari, anakuuzia.

Suala la kuingia majini pia. Watu wa trauti wamezoea kusimama mtoni maji ya kiuno, ndo mchezo wao. Huku usifanye, hata pasipo na mamba kuna kichocho, wale konokono wanapenda kingo zilizotulia zenye majani, Ziwa Victoria, Albert, na mto wenyewe. Kama umeingia basi ukirudi nyumbani kapime, dawa ipo na si ghali. Wa kijijini atakwambia hakuna shida sisi tunaoga hapa, na ni kweli wanaoga, na ni kweli wanaumwa.

Ziwa Victoria lenyewe, Ssese na visiwa vya huko, mi sina mapenzi nalo sana kwa flai, nitapita haraka. Sangara wapo, wengine wanakaa kina kirefu ambako flai haifiki, watu wanaburuta. Kwa flai unatafuta mawe ya visiwani alfajiri. Hapa mzee wa mtumbwi nakukataza. Moja, dhoruba za ziwa lile zinakuja usiku na alfajiri bila hodi, zimeua wavuvi waliozaliwa humo. Mbili, mwaka 2017 wanajeshi waliletwa kusimamia uvuvi, mtumbwi chini ya futi 28 unakamatwa, na sangara chini ya inchi 20 ukikutwa nae hujui utaeleza nini, na "mimi ni mtalii" si jibu tamu saa kumi na moja asubuhi mbele ya askari. Chukua boti iliyosajiliwa, ya kampuni inayofahamika pale gatini, basi. Na jambo la kuchekesha kidogo: ukifika kwenye mwalo wa Buganda ukaanza kuongea Kiswahili kwa sauti ya amri watu watahama, huku Kiswahili wengi wanakijua kama lugha ya jeshi. Salimia kwa Kiluganda kwanza, ssebo kwa mwanaume, nyabo kwa mwanamke, ndo uchanganye. Ukienda upande wa Ziwa Albert, Wanseko, Panyimur, ama Pakwach, ni kinyume, Kiswahili kinakupunguzia bei palepale, mi nimekulia kambi ya polisi West Nile najua ninachosema.

Wanaobanwa na hela wananiuliza hakuna mahali pa kwenda peke yangu kabisa bila mtu? Lake Mburo kuna sehemu ya Mazinga, wanaruhusu kuvua ngege, yaani sato, ukiwa na kibali cha UWA na vifaa vyako, rodi ndogo namba 5 inatosha, ni siku tamu sana. Ila nako kuna viboko na mamba, na utakua na askari, kwa hiyo hiyo "peke yako" ni ya jina. Peke yako ya kweli ni bwawa la mfugaji wa samaki. Usicheke. Kuna mashamba ya samaki kuzunguka Mukono na Wakiso, unaongea na mwenye bwawa, unalipa samaki kwa kilo, unarusha mpaka mkono uume, hakuna kinachokula wewe. Mimi kabla ya Murchison nakaa huko Jumamosi mbili narekebisha mkono, maana kulipa dola zote zile ukafike unarusha kama unafukuza kuku ni uchungu.

Kuhusu kumwachia samaki. Mbugani kawaida yao ni kumrudisha, na mwongozaji mzuri utamjua hapa kuliko mahali pengine. Mbaya anamvuta sangara juu haraka kutoka kina kirefu, anamning'iniza kwa mdomo mpige picha kumi, samaki tumbo limevimba hewa, ukimwachia anaelea chali mamba anakuja kuchukua cha bure. Mzuri anakwambia mapema uvunje kale kajino ka ndoana kwa koleo, samaki anabaki majini, picha moja, anamshika akiwa ameelekea mkondo mpaka aondoke mwenyewe. Ukiona picha zao za matangazo zote samaki yuko juu ya nyasi kavu, jua.

Shemeji nae nilishamwambia yake mwisho wa ule ujumbe. Aje Januari. Siku mbili za kwanza Jinja na mzee, wala asilete dola hapo alete jaketi yake. Murchison tumepata boti na watu wengine wawili, yule kijana niliyemuuliza namba ya rodi alinijibu kisha akaniuliza yeye, "Na wewe unarushia mkono gani, nijue nikae upande upi?" Nikatuma hela hiyohiyo jioni. Waya wa ngassa ajinunulie huko Nairobi akipita, wa kwangu wote ulienda na lile begi.